Jinsi ya kuuza sedani ya kifahari yenye mikwaruzo bila kutupa bei

Naandika hii kwa mtu mwenye sedani yake nzuri, iwe Mercedes, BMW, Audi, Lexus, Jaguar au nyingine ya hadhi hiyo, injini iko poa, gia zinaingia laini, ila bodi imechoka kidogo, bampa lina michubuko, rimu zimeliwa na kingo za barabara, kiti cha dereva kimechakaa pembeni, taa za mbele zimeanza kuwa njano. Unataka kuuza, na kila ukiziangalia zile alama unasita, unajiuliza nipige rangi gari nzima kwanza au niuze hivi hivi. Na madalali nao hawakuachi, "bosi hiyo imeshachoka, nikutafutie mtu wa haraka haraka", na bei wanayotaja inauma.

Nimeuza gari mbili za namna hii. Ya kwanza nilipoteza hela nyingi, na hela zile zilipotea kwa sababu nilijaribu kuufuta mkwaruzo mmoja. Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa na mchubuko mrefu kama mkono, nikaupeleka kwa fundi akapiga pati, ule uji mzito wa kujazia bati, akapuliza rangi, ukang'aa kuliko milango mingine yote. Mnunuzi wa kwanza akaja na kile kidude cha kupima unene wa rangi, akaanza kugusisha kwenye fenda, mlango wa mbele, nguzo, namba zinakuja mikroni (elfu ya milimita) 120, 130, 125, akafika kwenye ule mlango ikaja zaidi ya 400. Akapima tena sehemu tatu tofauti. Akanyamaza, akazunguka gari upya, afu akaniuliza kwa upole kabisa, "kaka, hii iligongwa lini?" Nikamweleza ulikuwa mchubuko tu wa kupaki vibaya, hakuamini, na ningekuwa mimi nisingeamini pia, maana ushahidi pekee kwamba ulikuwa mchubuko nilikuwa nimelipa mwenyewe uondolewe.

Toka siku hiyo nauza kwa njia nyingine. Mtu anayenunua gari ya kifahari iliyotumika anajua kitu kimoja vizuri sana, kwamba gari imeshuka bei lakini spea zake hazijashuka, shokapu bado ina bei ya gari mpya, taa moja tu inaweza kula mshahara. Kwa hiyo anakuja na hofu, na kila alama anayoikuta bila maelezo anaijazia maelezo yake mwenyewe, na maelezo yake siku zote ni mabaya kuliko ukweli. Kazi yako wewe muuzaji ni kuwahi kabla hajajaza. Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Ikague gari kama vile sio yako

Osha gari vizuri, iache ikauke, afu itoe asubuhi mapema jua likiwa chini, au kama ni ndani tumia tochi ukiilaza pembeni karibu na bodi, mwanga wa kulala ndo unaoonyesha mibonyeo ambayo mchana huioni. Chukua daftari au simu, anzia kona ya mbele upande wa dereva, zunguka gari zima bila kuruka, andika kila kitu: kipo wapi, urefu gani, kina gani.

Kwa kila mkwaruzo fanya kipimo cha ukucha. Pitisha ukucha taratibu kukatiza mkwaruzo, ukiteleza bila kukwama maana yake mkwaruzo uko juu juu kwenye klia, ule utando wa juu unaong'aa, na polishi itautoa au itaufifisha sana. Ukucha ukikwama, mara nyingi umeshapita klia, polishi haitausaidia. Ukiona weupe au kijivu umefika kwenye praima, ile rangi ya msingi iliyo chini ya rangi yenyewe. Ukiona rangi ya bati au kutu hapo usipuuze, hiyo ndo ya kushughulikia kwanza kabla ya zote.

Ndani pia. Kaa kiti cha dereva, angalia ule mto wa pembeni unaosuguliwa kila mtu akipanda na kushuka, ndo sehemu ya kwanza kuchakaa kwenye karibu kila sedani ya ngozi. Usukani unang'aa kama umepakwa mafuta? Vitufe vimebanduka rangi? Kitambaa cha dari kimeanza kushuka nyuma? Na harufu, hii wewe mwenyewe huwezi kuijua kwa sababu pua imezoea, mwite mtu ambaye hajawahi kupanda gari lako, afunge mlango akae dakika moja, akwambie ukweli.

Hatua ya 2: Amua nini cha kurekebisha na nini cha kuacha

Hapa ndo watu wengi wanachoma hela, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kanuni yangu ni moja. Rekebisha kile ambacho gharama yake ni ndogo kuliko kiasi ambacho mnunuzi atakikata kwenye bei, na ambacho ukikirekebisha hakizai swali jipya. Hiyo sehemu ya pili ndo watu wanaisahau, ule mlango wangu niliulipia bei rahisi tu, ila ulizaa swali lililonifukuzia wateja watatu.

Polishi, ndiyo, karibu kila mara. Gari ya rangi nyeusi au bluu nzito yenye zile alama za duara duara kama utando wa buibui, ambazo zimetokana na kuosha na vitambaa vichafu, ikipigwa polishi ya mashine na mtu anayejua inarudi miaka mitano nyuma. Ila mwambie fundi aende taratibu, klia ya kiwandani mara nyingi ni kama mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, ukiisugua kwa pupa hasa kwenye kingo za boneti na milango unaimaliza, na klia ikiisha hairudi bila kupuliza upya. Kama gari limeshapigwa polishi nzito mara nyingi huko nyuma, omba polishi nyepesi tu.

Mibonyeo midogo, ile ya kugongwa na mlango wa gari jirani. Kama rangi haijapasuka, tafuta fundi anayetoa mbonyeo bila kugusa rangi, anaingiza vyuma maalum kwa nyuma ya bati anausukuma taratibu mpaka unarudi, au anauvuta kwa gundi kutoka nje. Hakuna pati, hakuna rangi mpya, kipimo kikija kinasoma kama kiwandani. Hela hii inarudi.

Taa za mbele, rekebisha, usijiulize mara mbili. Gari ya kifahari yenye taa za njano inaonekana imezeeka hata kama ina kilomita chache. Kioo cha taa za kisasa ni plastiki ya polikabonati, jua linaunguza ule utando wa juu unaoilinda, ndo zinakuwa njano hivyo. Unaisugua kwa msasa wa maji, unaanza namba 1000, unaenda 2000, unamaliza 3000, afu polishi, afu LAZIMA upake utando mpya wa kuzuia jua, usipopaka itapendeza kwenye picha na baada ya muda mfupi inarudi njano kwa mnunuzi, na huo sio uungwana. Ila kama ukungu uko upande wa ndani, au taa ina maji, kusugua nje hakusaidii, andika kwenye tangazo kama ilivyo.

Rimu, inategemea. Michubuko ya kwenye ukingo kwa rimu zote nne, chukua bei ya kuzitengeneza na ulinganishe. Rimu moja tu ikiwa mbaya mi naitengeneza, kwa sababu rimu tatu safi na moja iliyoliwa inafanya mtu awaze kwamba gari lilipiga kitu kizito upande ule, anaanza kuuliza habari za mikono ya saspensheni na balansi. Rimu iliyopinda au yenye ufa usiipake rangi ukaiuza, hiyo ni roho ya mtu barabarani, badilisha au sema wazi.

Ngozi, isafishe kwanza kabla hujaamua chochote. Viti vingi ambavyo watu wanadhani vimeisha ni uchafu na jasho vimejaa kwenye vinyweleo vya ngozi. Brashi laini, sabuni ya ngozi, kitambaa chenye unyevu, unafanya kipande kidogo kidogo. Nakumbuka ile sedani yangu ya pili, kiti cha dereva nilikuwa naamini ni kijivu, nilipofuta kipande cha ukubwa wa kiganja pale kwenye mto wa pembeni kitambaa kikatoka cheusi na chini yake ikatokea rangi ya maziwa ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa, nikakaa pale nusu siku nzima kwenye kile kiti kimoja. Kama rangi ya ngozi imetoka kuna rangi maalum za kurudishia na zinakaa vizuri kwa sehemu ndogo. Kama imechanika kwa mshono, fundi wa viti anashona. Usivalishe makava ya viti juu ya ngozi ya gari ya kifahari, mtu atayafunua tu, na akiyafunua atakagua kila kitu kingine kwa hasira. Na dashibodi usiipake yale mafuta ya kung'arisha, inateleza, inanuka, inaonekana umeficha kitu.

Dari ikishuka, gundi na sponji ya nyuma imekufa, kuchomeka pini haifai, ni kuitoa na kuivalisha upya. Mbao za dashibodi zilizopasuka vanishi ziache zilivyo, hiyo kazi ni ghali na watu wa gari hizi wameizoea.

Na rangi kubwa? Kupuliza boneti, mlango, fenda ili uuze? Jibu langu ni HAPANA, isipokuwa kuna kutu inayotembea. Rangi ya kiwandani mara nyingi inasoma kati ya mikroni 100 na 180 hivi, na rangi ya asili yenye mikwaruzo ina thamani kwa mnunuzi makini kuliko rangi mpya isiyo na historia. Bampa ni tofauti kidogo kwa sababu ni la plastiki, vipimo vingi havilisomi na kila mtu anajua bampa huchubuka, kwa hiyo ukilipuliza na rangi ikaoana vizuri sio kesi, ila ukiulizwa sema. Kama kuna paneli ilishapulizwa huko nyuma na una picha za kabla, hizo picha ni mali, zitunze.

Kitu kingine kuhusu vipimo: wapo wanunuzi wanaokuja na sumaku, sumaku isiposhika wanasema hapa kuna pati. Sasa kuna sedani za kifahari zimetengenezwa kwa alumini, Audi A8 toka ile ya kwanza ya 1994, Jaguar XJ toka ya 2003, na BMW 5 Series ya kizazi cha E60 (2003 hadi 2010) sehemu ya mbele, boneti na fenda, ni alumini. Sumaku haishiki alumini hata ikiwa mpya kabisa. Jua gari lako limetengenezwa na nini ili umweleze mtu kwa utulivu kabla hajaondoka na wazo baya.

Hatua ya 3: Vitu vinavyowaka na visivyowaka

Mkwaruzo mtu anasamehe, taa ya onyo kwenye dashibodi hasamehe. Ukiwa na hela ya kufanya kitu kimoja tu, acha polishi, maliza taa za onyo. Peleka gari kwa mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, usitumie kifaa cha bei rahisi tu kwa sababu gari hizi zina kompyuta nyingi, na kifaa cha kawaida kinasoma ya injini tu, hakifiki kwenye shokapu za upepo au milango. Omba ripoti iliyochapwa.

Usifute makosa asubuhi ya siku ya kuonyesha. Ukifuta, ile mifumo ya kujipima ya gari inarudi sifuri na inasoma kwamba haijakamilika mpaka gari litembee vya kutosha, mnunuzi akichomeka skana yake anaona hapo hapo kwamba kuna kitu kimefutwa juzi. Umeshamaliza uaminifu wote.

Afu pita kwenye kila kitufe. Kila kimoja. Viti vya kujongea na kumbukumbu zake, sanrufu, vioo vya pembeni vinavyojikunja, kamera ya nyuma, senso za kupaki, taa za ndani, pazia la nyuma, buti la kujifunga. Mtu ananunua gari hii kwa ajili ya hivyo vitu, na vingi vikigoma ni fyuzi, swichi au waya uliokatika kwenye kiungo cha mlango, sio mwisho wa dunia. Kama gari ina shokapu za upepo, ipaki jioni sehemu tambarare, pima kwa rula kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda kwa kona zote nne, asubuhi pima tena kabla hujawasha. Kona iliyolala imevuja, na ni bora ujue wewe kabla ya mgeni.

Betri ikilala usiku kucha inatakiwa isome kama volti 12.4 hadi 12.7. Betri dhaifu kwenye gari hizi inawasha taa za onyo za ajabu ajabu ambazo hazina uhusiano na ugonjwa wowote, nimeona mtu anaacha kununua gari zima kwa sababu ya betri.

Matairi, soma zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT pembeni ya tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnunuzi atazisoma, zisome kwanza wewe.

Hatua ya 4: Karatasi

Kukusanya karatasi kunachosha ila ndo kunaleta bei. Tafuta kitabu cha sevisi, risiti za sevisi, risiti za spea, zipange kwa tarehe kwenye faili moja, ya zamani chini mpya juu. Gari yenye mikwaruzo kumi na faili nene inauzwa bei nzuri kuliko gari inayong'aa isiyo na karatasi hata moja, hili nimeliona kwa macho yangu. Kama kitabu kimepotea, karakana zilizolihudumia gari mara nyingi zina rekodi kwenye kompyuta, waombe wakuchapie.

Hakikisha namba ya chesisi kwenye gari na kwenye hati ya umiliki ni ile ile, kwa gari nyingi ina herufi na namba 17 na hiyo ya 17 haina kabisa herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona hati imeandika O kuna mtu alikosea kuandika na bora urekebishe mapema. Tumia hiyo namba pia kuangalia kama gari liliitwa kiwandani kwa marekebisho ya usalama, ile kesi ya airbag za kampuni ya Takata, zilizoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, iligusa kampuni nyingi sana za magari zikiwemo za kifahari, na kubadilishiwa ni bure. Mnunuzi akikuta airbag haijabadilishwa ana haki ya kuogopa.

Gari likiwa bado lina mkopo, ongea na benki kabla ya kuweka tangazo, ujue salio na utaratibu wa kuachia hati. Na tafuta ufunguo wa pili. Ufunguo wa gari hizi ukipotea kutengeneza mwingine ni gharama, na mnunuzi akiambiwa upo mmoja tu anajiuliza wa pili anao nani.

Hatua ya 5: Bei

Tafuta matangazo kama 10 au 15 ya gari kama lako, mwaka ule ule, injini ile ile, kilomita zinazokaribiana. Toa yale ya bei ya juu kabisa ambayo yako pale miezi, hayo hayauzi, toa na yale ya chini kabisa, mengi ni utapeli au yana ugonjwa. Yanayobaki katikati ndo soko lako, na kumbuka bei ya tangazo sio bei watu waliyolipana.

Sasa kwa ile mikwaruzo uliyoiacha, nenda kwa mafundi wawili, chukua makadirio ya maandishi ya kuirekebisha yote. Hayo makadirio yana kazi mbili, yanakusaidia kupunguza bei kwa haki mwanzoni, na siku ya mazungumzo mnunuzi akisema "hii bodi inataka mamilioni" wewe una karatasi mbili mezani zenye namba halisi. Andika namba tatu kwenye daftari: ya tangazo, ya kuridhika, na ya mwisho ambayo chini yake unarudi nyumbani na gari lako. Ya mwisho iandike ukiwa umetulia, usiitunge mbele ya mtu mwenye hela mkononi.

Hatua ya 6: Picha na tangazo

Piga picha jua likiwa chini au siku ya mawingu, sehemu pana isiyo na vitu vingi nyuma. Nje kona zote nne, ubavu mzima, mbele, nyuma, rimu nne, injini, buti likiwa wazi, viti vya mbele na nyuma, dari, dashibodi ikiwa imewashwa kilomita zinasomeka na hakuna taa ya onyo. Picha 25 sio nyingi. Usipige gari likiwa na maji, watu wanajua maji yanaficha mikwaruzo.

Afu piga mikwaruzo yenyewe, mmoja mmoja, kwa karibu, na rula au kidole pembeni ili mtu aone ukubwa, na picha nyingine ya mbali kidogo aone uko wapi. Wengi wanaogopa hapa. Mi nakwambia weka, picha ya karibu yenye kipimo inaua mawazo mabaya kuliko maneno yoyote, na inakupunguzia watu wa kuja kukusumbua, anayekuja ameshaiona na bado anakuja.

Kwenye maelezo andika kama unavyoongea, bila "haina shida hata moja" au "sindano tu". Mfano:

"Mmiliki wa pili, nimekaa nayo miaka sita. Sevisi zote zina risiti. Rangi ya kiwandani gari nzima isipokuwa bampa la mbele lilipulizwa. Mikwaruzo: mlango wa nyuma kushoto sentimita 30 imefika praima (picha ya 17), rimu ya mbele kulia imechubuka (picha ya 19), kiti cha dereva kimechakaa pembeni (picha ya 21). Sanrufu, kamera, viti vya kumbukumbu vyote vinafanya kazi. Haina taa ya onyo, ripoti ya kompyuta ipo. Funguo mbili. Fundi wako anakaribishwa."

Hiyo sentensi ya mwisho ina nguvu sana. Mwenye gari bovu haiandiki.

Hatua ya 7: Watu wakianza kupiga simu

Anayeuliza "bei ya mwisho shilingapi" kabla hajaliona gari, mjibu kwa heshima kwamba bei tutaongea ukishaliona. Usibishane. Anayeuliza habari za sevisi, za gia, za picha ya 17, huyo mpe muda wako.

Siku akija gari liwe baridi, usiliwashe kabla, mnunuzi anayejua ataweka mkono kwenye boneti. Mkutane mchana sehemu yenye watu. Mwanzo kabisa, kabla hajazunguka, mpeleke wewe mwenyewe kwenye mkwaruzo mkubwa kuliko yote. Gari yangu ya pili nilifanya hivyo, yule mzee alipitisha kidole juu ya mchubuko wa bampa, akasema "ndo huu wa kwenye picha," nikamwambia ndo huo, basi hakuurudia tena, muda wote uliobaki tukaongelea oili ya gia.

Kuendesha, hakikisha ana leseni na bima yako inamruhusu mtu mwingine. Endesha wewe kwanza, sehemu ya usalama mbadilishane, na mkibadilishana zima gari ushuke na ufunguo mkononi. Usimwache peke yake na gari, hata awe na sura ya upole namna gani.

Kwenye kupatana, akigusa mkwaruzo aseme punguza, jibu ni fupi: "huo uko kwenye tangazo mzee wangu, bei ile nimeshauhesabu." Akigundua kitu kipya ambacho kweli hukukijua, hapo kuwa mtu mzima, pungua. Ukitaja namba nyamaza, usiijaze na maelezo, mwache afikirie. Akisema atarudi mwache aende.

Hatua ya 8: Hela na makabidhiano

Hela iingie benki, na uione wewe kwenye akaunti yako kwa programu yako au kaunta ya benki. Meseji sio hela, picha ya muamala sio hela, hundi sio hela mpaka benki iseme imekomaa. Mtu akikwambia ametuma zaidi kwa bahati mbaya umrudishie chenji, simama hapo hapo, huo ni utapeli wa zamani na bado unakula watu. Akitoa kianzio, mwandikie risiti inayosema ni kiasi gani, gari linashikiliwa mpaka tarehe gani, na nini kinatokea asiporudi.

Mkataba wa mauzo uwe na majina kamili, namba ya chesisi, kilomita, bei, tarehe na SAA. Saa ni muhimu, gari likipigwa faini jioni ile una ushahidi halikuwa lako. Andika humo humo orodha ya mikwaruzo na kwamba mnunuzi ameiona, asaini. Uhamisho wa umiliki ufanyeni siku hiyo hiyo kama inawezekana, na bima usiisitishe kabla ya uhamisho.

Kabla hujatoa funguo, kaa ndani ya gari dakika kumi. Futa simu zote zilizounganishwa kwa Bluetooth, futa majina ya watu yaliyonakiliwa kwenye skrini, futa anwani ya nyumbani kwenye ramani, rudisha mfumo mzima kwenye hali ya kiwandani. Kama gari limeungwa na programu ya simu ya kampuni, litoe kwenye akaunti yako, la sivyo bado utaweza kuona liko wapi na saa ingine hata kufungua milango, na huyo mwenye gari mpya hatajua. Angalia chini ya viti, kwenye senta konso, kwenye kile kimfuko cha nyuma ya kiti.

Mpe faili, funguo zote mbili, kitabu cha gari, na ile soketi ndogo ya nati za usalama za rimu, hii inasahaulika sana na bila hiyo mtu akipata pancha usiku hawezi kufungua tairi, mara nyingi iko kwenye buti pamoja na jeki. Piga picha ya kilomita akiwa amekaa kwenye usukani, nakala ya mkataba baki nayo, na wiki inayofuata hakiki kwenye mamlaka ya usajili kwamba jina lako limeshatoka.